Kilemba cha Mwanaheri

Asubuhi ile ilikuwa kama nyingine zote. Chai ya rangi, kiporo cha mihogo, mkeka ukatandikwa uani kwao Mtoni. Mwanaheri akakaa akiangalia jikoni, mumewe Mwinjuma akakaa akiangalia njia, wakaegemezana migongo. Ndivyo walivyotengeneza fagio miaka thelathini na minane, tangu Mwanaheri alipojifungua Hamisa, kiuno kikawa kinamsumbua, akasema, "Mume wangu, njoo uwe ukuta wangu."

Kazi ya Mwinjuma kuchuna. Anashika jani la mnazi, anapitisha kisu, jani linabaki huku, uti wake, chelewa, unatoka kule. Mwanaheri anazipokea chelewa bila kugeuka, anazigongagonga chini zilingane, anafunga. Asubuhi ile Mwinjuma alimwambia, "Leo na mie nifundishe kufunga." Mwanaheri akamjibu, wakacheka, kazi ikaendelea.

Adhuhuri Mwanaheri akasema kifua kinambana. Alasiri hakuwepo tena duniani.

Likabaki tita moja la chelewa. Limeshalinganishwa, halijafungwa.

Mwanaheri hakufunga kwa mpira wa tairi kama wenzake sokoni. Alifunga kwa kamba ya ukindu, mzunguko juu ya mzunguko, imebana mpaka kucha haipenyi, na ncha ya kamba huoni ilikoishia. Mwenyewe kifungo hicho alikiita kilemba. Alifundishwa na bibi yake Kisarawe, akaja nacho mjini, asikibadilishe. Minazi ya Kurasini ikakatwa yakapangwa makontena. Akaagiza makuti Mkuranga. Fagio za plastiki zikajaa madukani. Akasema sawa, akaendelea kufunga. Wateja walimletea fagio zilizolika mpaka zikawa vigutu, kilemba kizima.

"Bi Mwanaheri, hiki kilemba hakifi?" walimtania.

"Kikikushinda kivae kichwani," aliwajibu.

Zilipobaki siku nne kufika arobaini, Hamisa alikuja na ufagio wa plastiki, mwekundu, bado una karatasi ya dukani.

"Jumapili watu wanakuja kwenye hitima, Baba. Uwanja umejaa majani."

"Usifagie kwa huo."

"Sasa nifagie kwa nini, kwa ndevu zako?"

"Wa mama yako upo. Haujafungwa tu."

"Na nani wa kuufunga?"

Mwinjuma akaliokota tita. Alikuwa akitaka kitu kimoja: siku ya arobaini uwanja wa Mwanaheri ufagiliwe kwa ufagio wa Mwanaheri, na kilemba chake. Kingine hakuwa nacho.

Tangu hapo hakutulia. Anakaa, anasimama. Anakwenda njiani, anarudi, hajui alifuata nini. Alifunga tita, likafumuka. Akafunga tena, likamwagika miguuni. Akafunga kwa mpira wa tairi, likashika vizuri sana. Akalitazama, akaukata mpira.

Alhamisi alikwenda Buguruni, penye wauza fagio.

"Shikamoo, babu. Pole na msiba," alisema Jesca, aliyekuwa akipanga fagio jirani na Mwanaheri.

"Marahaba. Kile kilemba unakijua?"

"Mie? Nafungaga na mpira tu, babu. Bibi hakuwa mchoyo, alitwambia njooni nyumbani niwaonyeshe. Sie wenyewe hatukuwa na subira." Akainamisha kichwa. "Kwani wewe si ulikuwa unakaa naye pale pale?"

 Miaka yote ile Mwinjuma hakuwahi kugeuka.

Ijumaa baada ya sala akapita dukani kwa Masoud, pale Mtoni. Nyuma ya mlango kulikuwa na ufagio wa Mwanaheri, mpya. Masoud alikuwa ameuweka usitumike.

"Wa mwisho huu, mzee wangu. Unautakia nini?"

"Niufungue. Nione unavyokwenda."

"Na ukishindwa kuufunga?"

"Utakuwa umepotea."

Masoud akaushika mkononi muda mrefu. Kisha akampa, akageukia mizani yake.

Uani, Mwinjuma aliufungua taratibu, mzunguko mmoja mmoja. Akaona ncha ilivyorudishwa ndani chini ya kamba. Kumbe si uchawi. Akachukua tita lake, akafuata vilevile, ncha akaipitisha vilevile. Alipolinyanyua likalegea kama mtu aliyezimia. Akajaribu lile la Masoud. Nalo vilevile.

Hamisa akaingia, akakuta matita mawili yametawanyika.

"Baba! Umefungua na ule wa mwisho?"

 Mikono ya mkewe mzee hakuijua. Alichokijua ni mgongo. Kila ufagio, mgongo ule ulimsukuma mara tatu, kwa nguvu, mpaka naye akajikaza asianguke. Halafu ukalalia kushoto. Halafu ukapoa. Alidhani ni kiuno kinamuuma; kumbe alikuwa akikaza kamba.

Akatazama miguu yake.

Akakizungushia kamba kidole gumba cha mguu. Akaegemea ukuta wa nyumba, akanyoosha mguu, kamba ikakaza. Lakini alipotaka kulalia kushoto, akateleza. Ukuta wa nyumba haukusukumi.

"Njoo ukae nyuma yangu, Hamisa. Tuegemezane."

"Baba, una homa?"

"Kaa, mwanangu. Nikikusukuma, nawe nisukume."

Hamisa akavua viatu, akakaa, akiangalia njia. Mzee akasukuma mguu: moja. Mbili. Ya tatu Hamisa akaguna, "Baba, utaniangusha!" akajikaza. Mzee akalalia kushoto, akaingiza ncha, akaachia.

Akaunyanyua ufagio. Akautikisa. Haikutoka hata chelewa moja. Kilemba kilikuwa kimepinda kidogo, kama kimevaliwa kwa haraka. Akaupiga chini mara mbili. Ukakaa.

Hamisa alikuwa ameshageuka.

"Ule wa pili tusifunge hivi," alisema. "Nataka nione mikono yako."

"Ukigeuka, mie nitamwegemea nani?"

Maneno yakamtoka kabla hajayafikiri. Akayasikia, kamba bado imezunguka kidole cha mguu. Ndipo ikamrudia ile asubuhi, alipoomba afundishwe, na Mwanaheri akacheka mpaka kicheko kikamtikisa Mwinjuma mgongoni, akasema: "Nikikufundisha utageuka, na ukigeuka mie nitaanguka."