Saa Yenye Sita Juu

Saa ya zamani ikifunguliwa mgongo hutoa harufu yake: shaba, mafuta yaliyokauka, na kwa mbali jasho la mtu aliyeivaa. Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea saa kubwa ya mkononi iliyofungwa kwenye leso. Alisema ilikuwa ya babu yake na kwamba imesimama. Nilipoifungua niliinusa kabla ya kuitazama, na msinicheke, niliijua. Mara ya mwisho kuishika nilikuwa na miaka minane.

Baba yangu alikuwa fundi saa Kariakoo. Meza yake ndogo yenye vioo ilikaa kibarazani mwa duka la vitambaa la Mama Kokila, Mhindi mjane aliyekuwa na ulimi mwepesi na moyo mwepesi pia. Mimi ndiye niliyeirithi meza ile, na kazi nimejifunza kwa kufungua na kufunga, huku nikiandika kila hatua kwenye daftari. Wakati huo, hata hivyo, nilikuwa nakuja tu baada ya shule kukaa kwenye kigoda na kutazama.

Kazi aliyoipenda Baba kuliko zote ilikuwa hii. Watu walimletea saa za mfukoni walizorithi, zile za mnyororo, ambazo hawakuwa tena na mahali pa kuziweka. Aliitoa mashine, akaifumua, akaosha kila kipande kwa petroli, akabadilisha kilichochakaa. Kisha aliichongeshea ganda jipya la shaba kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani, akatia mkanda wa ngozi, ikawa saa ya mkononi. Ilikuwa pana kama mdomo wa kikombe cha kahawa. Vijana waliicheka. Wenye macho mabovu waliipenda.

Hapa lazima nieleze jambo moja la kifundi, kwa sababu ndilo lililoniponza. Saa ya mfukoni hutiwa ufunguo kwa kifundo kilicho juu, penye mnyororo. Ukiivaa mkononi ilivyo, kifundo kinagongana na mkanda. Kwa hiyo Baba aliigeuza mashine mpaka kifundo kikaja kulia. Lakini uso wa zamani nao uligeuka, kumi na mbili ikawa inatazama kulia kama mtu aliyelala ubavu. Ilibidi uandikwe uso mpya.

Saa ninayoizungumzia ilikuwa ya Mzee Bakari, mwadhini wa msikiti wa mtaa wetu, mtu wa Lindi, mrefu na mwembamba, asiyepitisha siku bila utani. Aliirithi kwa baba yake aliyefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Saa ya ukutani msikitini ilikuwa imekufa, na mara mbili aliadhini adhuhuri kabla ya wakati wake. Kamati ya msikiti ikasema Ijumaa itamtafuta mwadhini mwingine, ila kama atapata saa anayoweza kuisoma mwenyewe. Alimwambia Baba habari hizo kwa mzaha, lakini niliona anavyoipapasa ile saa mfukoni mwa kanzu kama anaituliza. Alikuwa ameadhini tangu ujana wake. Hakuwa na kazi nyingine, wala hakuitaka.

Jumanne Baba alipaka rangi nyeupe kibati cha duara, akaweka nukta kumi na mbili kwa penseli. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, wa mtu aliyeacha shule mapema. Wangu ulisifiwa darasa zima. Akanipa brashi yenye nyuzi chache na wino mweusi.

"Zuhura, andika namba zote kumi na mbili. Zungusha kwa mpangilio, usiharakishe." Kisha akaenda Gerezani kuchukua ganda.

Nilifikiri sana kabla ya kuanza. Baba alikuwa amenifundisha kusoma saa kwa mishale peke yake, akitumia mashine zisizo na uso. Mishale yote ikisimama juu, ni saa sita. Mdogo ukilala kulia, saa tisa. Nyuso nyingi mezani pake zilikuwa na vistari tu, au zile herufi za Kirumi ambazo nilidhani ni mapambo. Basi juu niliandika sita. Kulia tisa. Chini kumi na mbili. Kushoto tatu. Sikuacha doa hata moja.

Baba aliporudi alitia lenzi jichoni, akautazama uso ule kwa muda mrefu. Akaupuliza.

"Mwandiko mzuri," akasema, akauweka ukauke.

Jumatano, shuleni, mwalimu wetu alichora saa ubaoni. Juu akaandika kumi na mbili. Akasema tukiona moja tuseme saa saba, tukiona mbili tuseme saa nane, siku zote tujumlishe sita. Darasa zima liliitikia. Mimi nikaukumbuka uso niliouandika, sita juu. Nilikimbia mpaka kibarazani nikiwa na mkoba kifuani, lakini Baba alikuwa ameshatia mishale, ameshafunga mgongo, na saa ilikuwa inalia tik tik juu ya kitambaa, nzima, yenye afya, na yenye namba zilizokaa kichwa chini. Nilifungua mdomo. Nikaomba maji ya kunywa.

Alhamisi shule ilifungwa mapema, na laiti isingefungwa. Nilimkuta Mzee Bakari ameshafika, na nyuma yake katibu wa kamati, bwana mmoja nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni, aliyekuja kushuhudia kwa macho yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu. Mbona uso umekunjamana, umeota nina mke mwenza wako?"

Sikuweza hata kucheka. Baba alimfunga mkanda mkononi, akarudi nyuma hatua moja.

"Haya, Mzee," katibu akasema. "Tuambie saa ngapi."

Mzee Bakari alinyoosha mkono mbali na uso, akakunja jicho moja.

"Saa tano na robo."

Katibu aliinama, akausogeza ule mkono karibu. Nilimwona midomo ikicheza, akijumlisha sita. Mshale mdogo ulikuwa umeipita kidogo tano.

"Hapana, Mzee wangu," akasema kwa huruma ya kweli. "Hii ni saa kumi na moja na robo."

Halafu Mama Kokila, aliyekuwa anakunja kitambaa mlangoni, akakiacha kianguke.

"Saa kumi na moja? Bwana katibu, mimi chakula cha mchana sijapika bado. Jua liko huko juu, wewe umeshafika jioni?"

"Mwacheni," Mzee Bakari akasema. "Ameharakisha kurudi nyumbani, ana mke mpya."

Wapita njia walicheka, hata mchukuzi mmoja alisimamisha mkokoteni wake. Katibu alitazama saa yake mwenyewe, akatazama ya Mzee, akatazama tena.

"Lakini hii saa imeandikwa kinyume," akasema.

Nilifumba macho.

"Haijaandikwa kinyume," Baba akajibu taratibu. "Imeandikwa inavyosemwa."

Katibu akacheka yeye pia, jambo ambalo mpaka leo namheshimia. Ijumaa tulisikia sauti ya Mzee Bakari ile ile, na tuliendelea kuisikia miaka mingi. Baba hakunisema neno. Nikakua nikiamini kwamba aligundua kosa langu pale pale kibarazani, akaniokoa kwa wepesi wa akili.

Sasa naijua kazi hii. Huwezi kutia mishale ya saa bila kuilinganisha na namba, na mtu anayeona unywele kwenye gurudumu dogo kuliko punje ya ufuta haipiti sita iliyokaa juu. Lakini nilihitaji kuufungua mgongo wa saa ile ili niamini. Sisi mafundi huandika alama ndani ya mfuniko, kwa ncha ya sindano, fundi atakayefuata ajue kilichofanyika. Nilisogeza taa, nikatia lenzi. Mwandiko wa Baba ulikuwa mbaya kama nilivyoukumbuka:

"Jumatano. Sita juu. Kaandika Zuhura. Asibadilishe mtu."

Jumatano, siku moja kabla katibu hajafika kibarazani.

"Mama, ukishasafisha utanirekebishia na hizo namba?" yule kijana aliuliza. "Zimekaa vibaya."

Nikamwambia zimekaa zinavyosemwa. Niliosha mashine, nikatia mafuta, nikasikiliza mpaka mapigo yakatulia. Kabla ya kufunga nilichukua sindano, na chini ya maneno ya Baba, kwa mwandiko wangu mzuri, nikaandika: "Imesafishwa. Sita bado juu. Zuhura."