Giga Nane za Harusi ya Mama

Bahasha ya picha ilipitia kwanza kwa mdogo wangu. Nataka hilo lijulikane mapema, maana ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa saiba yangu, duka la kompyuta na uchapaji, hapa Nyamira mjini. Dada huyo mdogo ana saiba yake ng'ambo ya barabara, tunatazamana kama majirani wenye kesi. Nikamwona mama akitoka kwake na bahasha ya kaki kwapani, akangoja pikipiki zipite, akavuka kuja kwangu.

Mama na baba walikuwa wanafunga ndoa kanisani. Mahari ilitolewa zamani, tukazaliwa, tukasomeshwa kwa majani-chai ya shambani kwetu Nyacheki, ila mbele ya mchungaji hawakuwahi kusimama. Sasa mama alitaka kitabu cha harusi chenye ratiba, nyimbo, na picha zao za tangu ujana, kwa rangi.

"Wewe ndiye kifungua mimba wangu," akaniambia. "Kazi hii ni yako."

Mwingine angefurahi. Mimi nikamuuliza, "Na kule ulienda kufanya nini?"

Akasema alikwenda kusalimia. Kusalimia na bahasha, haya.

Sina roho mbaya, lakini huyu mdogo wangu amenikaa rohoni tangu utotoni. Niliingia kwaya, akaja nyuma yangu, akapewa kuongoza. Nilifungua saiba, naye akafungua, tena yake ina vigae sakafuni na mashine nyembamba zinazowaka kabla hujaketi. Yangu ni ile ya zamani, ya kunguruma. Nilipoanza kuingiza picha za mama, ikaganda. Nikaizima, nikaiwasha, ikaganda palepale. Mama alikuwa kwenye benchi akingoja. Akatupa jicho ng'ambo, mara moja tu, akadhani sikumwona. Nikajua nikishindwa, bahasha itarudi ilikotoka, na ukoo mzima utasema kifungua mimba alishindwa na kitabu cha mamake.

Basi nikaenda Kisii kununua memori, vijiti viwili vya giga nne kila kimoja. Nikarudi, nikafungua mashine, nikavipachika mwenyewe. Nilitarajia nane. Ikaniandikia tatu na kitu. Nikavitoa, nikavipangusa, nikavibadilisha nafasi. Tatu na kitu. Damu ikanichemka. Nilikuwa na hakika nimeuziwa vibovu, nikavichomoa, nikafunga mlango ili nikamkabe muuzaji shati.

Mdogo wangu akaniona nikikaza mwendo na vile vijiti mkononi. "Dada, kwani kuna nini?"

Sikutaka kumwambia, lakini hasira haina siri. Nikamwaga yote.

"Usiende kugombana bure," akasema. "Vijiti ni vizima. Shida ni sistimu inayoendesha mashine yako, ni ile ya biti thelathini na mbili. Kila kipande cha memori lazima kiwe na anwani ndipo mashine ikifikie, na sistimu hiyo ina anwani za giga nne peke yake. Tena katika hizo nne, nyingine zimeshachukuliwa na kadi ya picha na vifaa vingine. Ndiyo maana umebaki na tatu na kitu. Memori ipo, ila mashine haina jinsi ya kuifikia."

"Kwa hiyo nimetupa pesa."

"Hapana. Weka sistimu ya biti sitini na nne. Kuna mashine nzee zinazokataa, lakini yako nadhani itakubali. Ninayo kwa flashi."

Bila shaka anayo. Huyu hakosi kitu.

Nikajikaza kisabuni, nikamfungulia. Akavipachika tena vile vijiti, akaketi kwenye kiti changu, akahifadhi faili zangu pembeni, akaanza kazi. Nikasimama nyuma yake kama mteja. Mteja wa kweli akaingia, akamuuliza yeye bei ya fotokopi. Yeye. Kwenye duka langu. Mdogo wangu akamwelekeza kwangu kwa kichwa tu, macho kwenye skrini.

Mashine ilipowaka tena, ikasoma nane. Akapokea soda, pesa akakataa, akavuka kurudi kwake. Picha zikaingia zote bila kuganda, nami nikachapa kile kitabu nikiwa nimenuna.

Siku ya harusi, mama alisimama na gauni lake jeupe, akainua kitabu juu. "Hiki kimetengenezwa na kifungua mimba wangu." Watu wakapiga makofi. Haraka nikamtafuta mdogo wangu kwa macho. Kusema ukweli, nilitaka nimwone ameumia. Alikuwa anapiga makofi kuliko wote.

Baadaye, wakati wa kunawa tule, nikamnong'oneza mama, "Umeona sasa? Na ulitaka kumpelekea yeye."

Mama akacheka. "Nilimpelekea. Mashine zake ni mpya, nikaona mambo yataenda upesi. Akanirudishia bahasha mkononi. Akasema nikupe wewe, kwamba yeye akiifanya utaumia, na yeye hatakuwa na raha."

Nikageuka. Alikuwa kwenye hema la wageni, akiwagawia kitabu changu na kuwaonyesha nyuma palipoandikwa jina la duka langu. Kumbe hata siku hii moja niliyomshinda, ni yeye aliyenipa. Nilikuwa nimemwonea wivu kwa vigae, kwa mashine, kwa kwaya. Sasa nikamwonea wivu kwa huo moyo, na huo hakuna duka Kisii ninaloweza kwenda kuununua.