Pini ya Sitini

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Ndeshi alimenya ndizi. Ilikuwa Juni, ukungu umefika mpaka mlangoni, kijiji kizima cha Nkoaranga kinakohoa. Alimwambia mumewe asogeze kuni, Melkizedeki akasogeza. Wakanywa chai. Kisha akamwomba amtungie uzi kwenye sindano, maana macho yake yalikuwa yamechoka. Mara ya tatu ndipo uzi ukapita. Ndeshi akasema, "Haya, asante," akaenda kwenye cherehani yake. Hakuna lingine lililosemwa. Mchana kifua kikambana, wakampeleka hospitali, na siku ya tatu Melkizedeki akarudi peke yake.

Watu wakija kumpa pole, hayo huyapita upesi. Wakimuuliza mkewe alikuwa mtu wa namna gani, husimulia wiki ya harusi ya Violet, binti yao wa pekee. Na akifika katikati huanza kucheka yeye kabla ya wasikilizaji.

Ndeshi alikuwa mshona mablanketi ya vipande. Vipande aliviokota kwa mafundi wa mjini, mabaki ya vitenge yanayoanguka chini ya meza. Anaviunga, anaviweka juu, blanketi jembamba katikati, shuka chini, halafu anazishona tabaka zote tatu pamoja. Ili zisitembee, anazibana kwa pini. Pini zake zilikuwa sitini, zinakaa kwenye kopo la dawa ya viatu. Kabla ya kila blanketi anahesabu, akimaliza anahesabu tena. Shule aliiona kwa nje tu, lakini mpaka sitini hakuna profesa angemshinda.

"Blanketi ni la mtu aliyelala," alikuwa akisema. "Na mtu aliyelala hawezi kujitetea."

Basi wiki ile lodge moja ya watalii ya Usa River iliagiza mablanketi sita. Yatakiwa Ijumaa. Harusi yenyewe Jumamosi.

"Kataa," Melkizedeki akamwambia. "Wewe ni mama wa bibi harusi."

"Kwani mama wa bibi harusi hukatwa mikono?"

Na juu ya hayo sita akajiongezea la saba. Hilo lilikuwa la Mzee Ebenezer, babu yake Allen, bwana harusi. Wale ni Wachaga, wana maduka Levolosi, kule mjini. Siku ya posa gari lao lilizama kwenye matope huku chini, na mzee yule, na miaka yake themanini na kitu, akapanda mlima kwa miguu akiwa na blanketi begani, zawadi ya kumpa Melkizedeki. Ndeshi hakulisahau jambo hilo. Alitaka siku ya harusi amfunike mzee kwa mkono wake mwenyewe.

"Ila wana duka la mablanketi wale," Melkizedeki akasema.

"Ndiyo maana. Ya kununua wanayo mengi."

Jumanne umeme ukakatika, akarudia cherehani ya miguu. Nyumba ikajaa nyuzi. Uzi kwenye chai, uzi kwenye bakuli la loshoro, mahindi yale ya maziwa ya mgando. Melkizedeki alijipikia, akajifulia, akapita ndani ya nyumba yake kama mgeni aliyechelewa kanisani. Mtu mwenye kazi hasemeshwi. Hayo ndiyo aliyoyajua.

Ijumaa mchana bodaboda akachukua mablanketi sita. Jackline, msimamizi wa lodge, akapiga simu kwamba yamefika na ni mazuri mno. Ndeshi hakusimama hata kunyoosha mgongo, akarudi kwenye la mzee. Saa kumi akakata uzi wa mwisho. Hapohapo akaingia Hedwiga, dada yake Melkizedeki, mjumbe wa kamati ya harusi, gari linanguruma nje. Akalinyakua lile blanketi, akalitia kwenye karatasi ya kung'aa, akafunga utepe, akaondoka.

Ndipo Ndeshi akahesabu pini. Hamsini na tisa.

Akahesabu tena. Akapitisha sumaku sakafuni, chini ya kitanda, mpaka kwenye ufagio. Hamsini na tisa. Yale sita ya lodge kila moja lilihesabiwa likatimia. Na asubuhi ile alipoanza la mzee, zilikuwa sitini. Akakaa chini.

"Baba Violet, imebaki ndani ya blanketi la mzee."

"Pini moja tu?"

"Moja inatosha! Mama mkwe amemfunika babu blanketi, ndani kuna chuma. Watasema nini? Watasema tumemroga. Violet ataingia kwenye ile nyumba na jina la mchawi kabla hajapika hata chai."

Melkizedeki akaona ni kweli. Ndeshi hakumuuliza kama ameiona pini, kwa kuwa alishajua iliko. Na kitu akikijua Ndeshi, Melkizedeki naye hukijua.

Wakampigia Hedwiga.

"Wifi, lile blanketi liko wapi?"

"Limeshafungiwa ukumbini na zawadi zingine, hata panya hapiti. Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Hedwiga ni mtu mwema, lakini ukimwambia jambo saa kumi, saa kumi na moja Moshi wameshapata habari. Ndeshi akakata simu.

Jumamosi kanisani, Violet alipendeza mpaka wazee wakasahau kusinzia. Mama yake hakumwona. Midomo yake ilikuwa ikicheza, na waliokaa karibu walidhani anaomba. Alikuwa anapitia blanketi lile kichwani, kipande baada ya kipande, akitafuta wapi alipitiwa.

Ukumbini, baada ya chakula, MC akaita wazazi wa bibi harusi wamvike mzee. Muziki ukapigwa. Mzee Ebenezer akasimama na fimbo yake.

"Shikamoo, baba," Ndeshi akasema.

"Marahaba, mkwe wangu."

Ndeshi akalifungua blanketi, akalikung'uta mara mbili kama mtu anayefukuza siafu. Akaliweka mabegani mwa mzee. Na hakuondoa mikono. Akaanza mabegani, akashuka mgongoni, akabonyeza mbavuni, akazunguka, akapapasa kifuani, akarudi shingoni, kiganja kwa kiganja, polepole. Watu wakaanza kupiga makofi. Hawajaona mapenzi ya namna hiyo.

"Jamani!" MC akapaza sauti. "Mama mkwe anamkagua mzee kama askari wa getini! Mzee, umeficha nini humo?"

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko.

"Mwacheni," akasema Mzee Ebenezer. "Tangu mke wangu aondoke, hakuna aliyeuliza kama mgongo wangu upo."

Vigelegele. Ndeshi hakucheka. Alikuwa hajaipata. Mzee akageuka, akashika mikono ya kiti, akaanza kukaa. Wazee wa umri ule hawakai, wanajiachia. Ndeshi akafumba macho.

Mzee akatua. Kimya. Akajiegemeza. Kimya. Ndeshi akasukuma mkono wake kati ya mgongo wa mzee na kiti, ukabaki humo.

Melkizedeki alikuwa amesimama hatua tatu nyuma, jasho linamtiririka. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti atoe kitambaa.

"Yalaa!"

Akautoa mkono. Kidole kina tone la damu. Akakitazama kile kidole, na ndipo kumbukumbu ikamrudia yote. Jana mchana alijaribisha suti, akakuta bitana ya mfuko imechanika. Mkewe amempa mgongo, cherehani inalia. Kwenye kona ya meza palikuwa na pini. Akaichukua, akabana mfuko, akatundika koti. Hakumsumbua mtu.

Akatembea mpaka mbele, mbele ya Levolosi yote na Nkoaranga yote, akamwinamia mkewe sikioni.

"Mama Violet. Toa mkono. Ninayo mimi."

Ndeshi akamtazama. Akatazama kidole. Akatazama mfuko. Akakaa palepale sakafuni na gauni lake la sherehe, mgongo kwenye mguu wa kiti cha mzee, mabega yanatikisika. MC akawaambia watu wampe nafasi, uchungu wa kumuaga mtoto ni mkubwa. Violet akaja mbio na shela lake, akamkuta mama yake anacheka mpaka machozi yanachuruzika.

"Mkwe ana nini?" Mzee Ebenezer akauliza kutoka ndani ya blanketi.

"Amefurahi, baba," Melkizedeki akajibu.

Na kweli alifurahi. Alicheza siku ile kuliko waliooana. Lakini kwanza Melkizedeki alimpa mkono, akamwinua. Ndeshi akalishika lile koti upande wa mfuko, akavuta mpaka nyuso zikakaribiana, na akamwambia maneno ambayo Melkizedeki anayarudia kila asubuhi anapofunga vifungo vyake mwenyewe: "Baba Violet, nguo ikikuchanikia, uniambie. Hata niwe na kazi ya dunia nzima, uniambie."