Siku niliyomkimbia mkwe wangu kule Bweranyange

Ninyi vijana mtakaosoma haya, chekeni upesi mmalize. Aibu ni yangu, naisema mwenyewe kabla hamjaisikia imetiwa chumvi.

Mjukuu wangu Asimwe alinionyesha kwenye simu miji ya kale ya Hispania, nyumba za mawe zimeng'ang'ania mlimani, watu wanakwenda asubuhi, wanapanda, wanashangaa, jioni wamerudi kwao. Nikasema hata sisi tunao mji wa wafalme, Bweranyange, na milima tunayo. Basi akina mama wa jumuiya tukakodi gari kutoka Isingiro.

Tunashuka, nani amesimama pale na fimbo kutuongoza? Deo! Mume wa binti yangu! (Alikuwa ameipata kazi hiyo juzi tu, hakuna aliyeniambia.) Kwetu mama hatazamani na mkwe wake wala hamkaribii, na mimi ndiye niliyewafundisha wanangu hivyo, kwa fimbo. Ningejifunika kitenge akapisha, yakaisha. Lakini nikajifanya mjanja, nikamwambia mwenzangu Ma Koku naenda kujisaidia, nikashika njia ya kilimani, nijifiche huko mpaka wamalize.

Mvua ilikuwa imenyesha. Ndala zikateleza, nikashuka kilima kwa makalio, kitenge kikabaki kwenye miiba, mimi nikaishia mtaroni na gauni la ndani, kifundo cha mguu kimeteguka. Nikanyamaza. (Bora nife kimya.) Kumbe huko chini wamehesabu watu, kikongwe mmoja hayupo, na Deo anapuliza filimbi, mpaka wanafunzi waliokuja kutazama ngoma za wafalme wameziacha wananitafuta mimi.

Aliyenikuta ni nani? Yeye. Akageuza uso, akaninyooshea kitenge kwa ncha ya fimbo. Nikajifunika kichwa na vyote.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Rudi nyuma!"

"Mama, mguu umevimba."

"Mguu ni wangu!"

Ma Koku akafika anahema. "Wewe mwanamke, unataka tukubebe sisi wenye magoti haya? Panda mgongoni kwa mkweo!"

"Mawe, mama yangu! Kwa mkwe?"

"Basi lala hapo na nyani."

Nikapanda. Nimefunikwa gubigubi kama gunia la kahawa, wanafunzi wanapiga picha, mmoja anauliza, "Mwalimu, huyu ndiye malkia?" Deo hakucheka, alisema mara moja tu, "Mama, usinikabe shingo," akanifikisha garini bila kunitazama hata kidogo. Hapo ndipo aibu iliponichoma sawasawa: kijana yule ameishika heshima akiwa amenibeba, mimi niliyeifundisha nimeitupa mtaroni.

Sikimbii mtu tena. Jioni ile, mguu ukiwa kwenye beseni la maji ya chumvi, nikawaita wote wa nyumbani nikawaamuru: Jumapili Deo anakula hapa, mchinjieni jogoo mwekundu, wekeni kiti chake mezani kando ya changu, na atakayecheka atakula nje na mbuzi.