Setilaiti haikuiona nyumba ya Gahongayire

Saa kumi na mbili asubuhi, Agakiriro ya Gisozi, kwenye karakana za maseremala. Vestine Gahongayire anapiga msasa kitanda cha bwana harusi mmoja wa Kimironko. Yeye na wanawe watatu wanalala sakafuni, kwenye chumba cha kupanga.

Kazi hii humpa faranga elfu nne kwa siku, siku zenye kazi. Hadi Julai hakujua kodi ni nini, kwa sababu alikuwa na nyumba yake mlimani, mwendo wa dakika kumi kutoka hapa.

Mteremko huo unaporomoka. Picha za setilaiti zilionyesha udongo ukisogea kidogo kidogo kila masika, wakazi wakaambiwa wahame kabla ya mvua za Septemba, watapewa nyumba Batsinda. Mpango mzuri, nasema bila kejeli. Hatari tuliyoikanyaga kila siku ilionekana kutoka angani.

Gahongayire ni mkuu wa isibo, yaani kaya kumi na tano za jirani. Hapa kwetu mkuu wa isibo hasubiri kuambiwa mara mbili. Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, majirani walipanda juu ya nyumba yake wakang'oa mabati yote.

"Mimi niko mkubwa wao," anasema. "Kama mimi nabisha, nani atatoka?"

Hakuna aliyemfuata. Wiki mbili baadaye setilaiti ikapita tena, na kampuni iliyopewa kazi ya kuorodhesha watakaopewa nyumba ikahesabu mapaa. Kaya kumi na nne zimo kwenye orodha. Ile moja iliyotii haimo.

Jirani yake Mugenzi, aliyeapa hatoki hata wamburute, tayari ana namba ya nyumba. "Naona haya kumsalimia," ananiambia. "Sisi tulikataa, na sisi ndiyo tuko na nyumba."

Gahongayire ameenda kwenye ofisi ya kampuni hiyo mara tatu. "Wananionyesha kwa kompyuta: mama, hapa hakuna kitu. Nikawaambia, hapo hapana kitu ndiyo nimezalia watoto tatu."

Nilimpigia Kenny, msemaji wa kampuni. "Mfumo unasoma paa," alijibu, kwa upole wa mtu mwenye pa kulala. "Picha nyingine ni Oktoba. Kama nyumba iko, itaonekana." Nikamuuliza kwa nini mtu asipande tu akaangalie kuta. Akasema hilo halimo kwenye bajeti. Nilikata simu nikiwa na hasira, na bado ninayo.

Mvua ya kwanza ilinyesha juzi. Ufa nyuma ya kuta zile sasa unaingia kiganja kizima.

Mabati yake bado anayo. Jumamosi hii atayarudisha mlimani, ayapigilie misumari, kisha ahamie chini yake na watoto, kwani bati lisilo na mtu huibwa.

"Mungu ashike udongo mpaka Oktoba," anasema. "Ikishaniona, nitatoka siku ile ile."