Kichwa cha roboti langu kilichokaa kwa mtani tangu enzi za ruksa

Wakuu, heshima zenu.

Juzi humu kuna jamaa kaweka picha za matoi yake, mkamcheka eti mtu mzima ovyo. Sasa mnicheke na mimi. Ninachosimulia ni kweli tupu, na mashahidi wapo Songea mpaka leo.

Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa na mitumba ikaanza kumiminika, mama alikuwa anauza nguo za watoto sokoni Songea mjini. Tulikaa Mshangano. Akifungua belo mimi nipo pembeni nimekodoa macho, maana kwenye belo za watoto yalikuwa yanadondoka matoi.

Siku moja likadondoka tipa. Nikalikunja huku na huku, mara miguu ikatokea, mara mikono. Roboti! Nililala nalo.

Kumbe ndiyo mwanzo wa ugonjwa.

Belo jingine likaleta kipande cha boksi chenye picha. Tipa langu, greda, winchi, mixer ya zege na katapila, halafu pembeni yote matano yameungana kuwa jitu moja kubwa. Tipa langu lilikuwa mguu wa kulia tu!

Nikaapa jitu hilo nitalisimamisha.

Winchi lilitoka kwenye belo la mama. Greda nilibadilishana na mtoto wa jirani kwa gololi zangu zote. Mixer ilikuwa ya rafiki yangu wa shule, nilimbembeleza muhula mzima na juu yake nikambebea maji ya bustani.

Likabaki katapila. Hilo ndilo kiwiliwili, na ndilo linalokuja na kichwa cha jitu, kipande cha peke yake, kidogo kuliko kizibo cha soda. Bila katapila una viungo tu.

Na katapila, wakuu, lilikuwa Lusewa kwa binamu yangu Longino. Baba yake aliuza tumbaku vizuri msimu ule akamnunulia. Longino hakujua hata kama linakunjika. Analifunga kamba, analiburuza mchangani! Niliposimuliwa nilitaka kwenda Lusewa kwa miguu.

Kisha babu akafariki. Ukoo wote unakuja Mshangano.

Naomba mnielewe, babu nilimpenda sana. Lakini wakati wenzangu wanalia, mimi nachungulia barabarani kama watu wa Lusewa wamefika.

Longino akafika na katapila kwapani, kichwa mfukoni. Tukakimbilia nyuma ya jiko tukaanza kuunga. Viungo vikaingia sawasawa. Nimebakiza kupachika kichwa tu, mtu akaniinamia kwa nyuma akanipokonya jitu na kichwa chake.

Alikuwa Mzee Kalinga, jirani yetu, fundi baiskeli. Mhehe. Na sisi Wangoni, watani zao.

Wanaojua utani wa misibani wameshaelewa. Mtani akija msibani anachukua anachotaka, mnacheka, mnakikomboa kwa kuku. Kukasirika ni aibu ya ukoo mzima.

Mzee akalipeleka jitu katikati ya waombolezaji. "Nyie Wangoni mlitoka Afrika Kusini kwa miguu mpaka huku, leo ndo mmepata usafiri! Huyu namzika na marehemu, akambebee mizigo!"

Watu hoi. Hata bibi, mjane mwenyewe, alicheka mpaka akajifuta machozi.

Mimi sikucheka. Nilimrukia Mzee Kalinga nikamng'ata mkono.

Kicheko kikakatika. Baba alitamani ardhi ipasuke. Kumng'ata mtani, wakuu, tena msibani!

Mzee akaangalia alama za meno, akatabasamu. "Jitu mtalikomboa kwa jogoo. Ila kichwa kinabaki kwangu mpaka huyu binti ajifunze utani. Siku akinitania nikakosa la kujibu, aje achukue."

Baba akatoa jogoo. Jitu likarudi halina kichwa. Longino akanionea huruma, akaniachia katapila jumla.

Tangu hapo kila nikipita kwenye banda lake:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja na utani au na meno?"

Nikimrushia la ulanzi, ile pombe yao ya mianzi, analirudisha kabla sijamaliza. Nikimrushia lile la Wahehe na mbwa, anasema, "Karibu mezani, tumekubakizia mkia." Sikumuweza hata siku moja.

Nikasoma, nikaolewa Namtumbo. Kila nikija Songea lazima nipite bandani. Kichwa nilikitaka kweli, nisiwadanganye. Ila miaka ilivyokwenda nikawa napita hata kama sina utani mpya.

Mwezi uliopita Longino akanipigia simu. Mzee Kalinga hatunaye.

Nikapanda gari, jitu liko kwenye mkoba. Nilikuta Wangoni tunasubiriwa, maana msiba bila watani unapooza. Nikasogea mpaka kwenye jeneza, nikalitoa jitu, nikasema kwa sauti:

"Shikamoo mzee. Leo nimekuja na utani na meno yote. Haya, jibu!"

Nikatega sikio. Nikasubiri.

"Umekosa la kusema. Nipe kichwa changu."

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka nao, halafu katikati kicheko kikageuka kilio.

Mama mjane akaingia ndani, akarudi na kopo la viraka vya baiskeli. Kichwa kilikuwa humo, kimeviringishwa kwenye kipande cha tyubu. Nikanyoosha mkono, akarudisha kopo nyuma.

"Alinikataza nisikupe bure. Kuku yuko wapi, Mngoni?"

Nilikuwa sina. Nikageuka, nikamuona Longino anakuja, mzee mzima na mvi zake, jogoo kwapani.

Sasa hivi jitu limesimama juu ya kabati langu, lina kichwa, na banda la Mshangano limefungwa. Nikilitazama nafurahi na roho inaniuma vilevile.

Nilichojifunza ni hiki: mtani akikuchukulia kitu, usiwe na haraka ya kukikomboa. Kichwa kile kingerudi siku ileile, miaka yote hii ningekuwa napita bandani kufuata nini?

Waliowahi kuchukuliwa kitu na watani msibani, shusheni visa vyenu hapa. Na nyie Wahehe mnaosoma kimyakimya, najua mnatafuta la kujibu. Mwenzenu alikuwa nalo kila siku.