Mguu Usiosikia Mwiba

Mume wangu aliambiwa mambo matatu hospitalini, akatoka na moja. Sista alimwambia ameze dawa, apunguze sukari na mafuta, na atembee. Nilikuwa nimekaa pale pale kando yake, nikasikia yote kwa masikio yangu. Tulipofika nje, hata barabara hatujavuka, akanigeukia na uso umekunjuka. "Umesikia, mama watoto? Dawa yangu ni kutembea."

Nilimtazama tu. Nimeishi na mwanaume huyu tangu nywele zangu zote zikiwa nyeusi, namjua akiamua kutosikia. Yeye ni fundi cherehani hapa Garsen. Kutwa kucha yuko kitini, anashona sare za shule na mapazia ya watu, na mama wa hoteli ya jirani humletea chai ya maziwa mpaka mezani, tamu ya kuunganisha midomo. Chai haiji peke yake, huja na mandazi. Adhuhuri ni chapati na nyama yenye mafuta, jua likizidi ni soda baridi. Kabla ya kwenda hospitali alikuwa anakunywa maji kama aliyevuka jangwa, na kila mara anainuka kwenda msalani. Kutunga uzi kwenye sindano kulikuwa kumemshinda, ananiita mimi nimtungie.

"Na chai?" nikamwuliza. "Sista amesema nini kuhusu chai?"

"Chai itatoka kwa jasho."

Haya. Mimi si mtu wa kunyamaza, nilimwambia maneno yangu yote mpaka tukafika nyumbani. Lakini alfajiri iliyofuata nilimsikia anajikohoza mlangoni, amekunja suruali mpaka magotini, tayari. Nikajifunga leso nikamfuata. Nilijiambia namfuata kwa sababu simwamini peke yake karibu na hoteli ile.

Shamba letu la mpunga liko bondeni, njia ya kuelekea Kulesa, alikozaliwa yeye. Tulikuwa tumelizoea kwa bodaboda, unafika na vumbi machoni, hujaona kitu. Kwa miguu njia ilikuwa nyingine kabisa. Tulitoka mji ukiwa bado umefumba macho, na ukungu umelala juu ya bonde, mweupe, hata miembe unaiona nusu tu, vilele vinaelea bila mashina. Yeye mbele, mimi nyuma. Hatukuzungumza. Nilisikia nyayo zake, kisha zangu, kisha zake, na baada ya muda nilikuwa sijui tena zipi ni za nani. Mahali fulani mto ulipumua. Sina neno jingine. Ulikuwa unapita nyuma ya matete, hauonekani, na hewa yake ya baridi ikatugusa shingoni ikaondoka. Yangeyange, wale ndege weupe, waliruka wote pamoja kutoka majini, bila sauti, na mimi nikasimama katikati ya njia nikasahau nilikokuwa nakwenda.

"Umechoka?" akauliza bila kugeuka.

"Sijachoka."

"Basi twende."

Jamani, zile asubuhi! Kuna nyingine nazikumbuka sijui kama nilitembea kweli au niliota. Jua lilipanda polepole nyuma ya ukungu, jekundu, unalitazama bila kufumba jicho. Ng'ombe wa Waorma walikuwa wakitokeza mbele yetu, pembe kwanza, wanatupita huku na huku kama hatupo, na mchungaji nyuma yao anatusalimu kwa sauti ya chini, naye pia bado yumo usingizini. Harufu ya maziwa na udongo mbichi ilibaki njiani baada yao. Mume wangu aliwahi kuniambia, siku moja tu, kwamba pale njiani anamsikia marehemu mama yake akimwita anywe uji. Sikumcheka. Na mimi nilikuwa nasikia vitu.

Kwetu mtu haingii mpungani na viatu. Unaviacha ukingoni, juu ya nyasi, kila familia mahali pake, na unaweza kujua nani yuko shambani kwa kuangalia viatu tu. Matope huvimeza, hiyo ni sababu moja. Lakini hasa ni kwamba wazazi wetu walitufundisha kulisoma shamba kwa nyayo. Mguu ndio unaokwambia hapa maji yamezidi, hapa udongo umelegea, hapa mche haujashika. Mtu wa mto anayeingia shambani na buti za mpira, watu humtania mpaka jioni.

Sasa mume wangu akaenda mbali zaidi, akaanza kuacha slipa zake nyumbani kabisa. Njia nzima anatembea pekupeku. Alisema walipokuwa wavulana Kulesa walikuwa wakishindana nani mguu wake mgumu, na asiyeweza kukanyaga mwiba bila kuruka hakupewa nafasi mtumbwini. Na siku hizi njia ile imeota miti ya mathenge kila upande. Mwiba wa mathenge unaujua wewe? Ni mrefu, na hupenya slipa ukatokeza juu. Mimi nilikuwa nakwepa, naruka, natukana kimoyomoyo. Yeye alipita juu yake kama anapita kwenye mkeka.

"Mama watoto, sikia hii." Akakanyaga, nikasikia mwiba ukivunjika. "Umenisikia nikisema ala? Mguu umekomaa. Umerudi ule wa ujana."

Haki ya Mungu nilifurahi naye. Na shambani kila mtu alifurahi. "Fundi, mguu umerudi!" walimpigia kelele majirani wa mashamba, naye anainua unyayo juu wauone, mwanaume mzima na mvi zake, amesimama kwa mguu mmoja katika maji, anacheka. Kwetu hiyo si sifa ndogo. Mguu usiosikia mwiba ni mguu wa mtu mzima, mchapakazi.

Siku nyingine, tukiwa tumepumzika ukingoni, alininyooshea mkono wake uliolowa jasho. "Onja."

"Nionje nini, wewe mzee?"

"Onja uniambie kama kuna sukari."

Niliangalia huku na huku, hakuna mtu, nikaulamba. Chumvi tupu. "Umeona?" akasema. "Sukari yote imekwisha kutoka." Nikacheka mpaka nikajilaza chali kwenye nyasi, na mawingu yalikuwa yanakwenda taratibu upande wa Kipini, na yeye akajilaza kando yangu. Tangu tuoane hatukuwahi kulala mchana nje namna ile, watu wazima na shughuli zetu. Nikawaza, kama ugonjwa ndio huu, basi tuugue.

Lakini kurudi tulikuwa tunapitia hoteli. Lazima apitie. Anaketi kwenye benchi kama mtu aliyetoka vitani, anamimina chai kwenye sahani ipoe, mandazi yanakuja, yanaondoka, yanakuja mengine.

"Baba watoto, sista alisema..."

"Sista hakuniona nikitembea."

"Na dawa je? Zile za kopo?"

"Nimeze dawa, na natembea? Ya nini?"

Mama wa hoteli akaingilia, "Mwache ale, shemeji, huyu jasho lake tumeliona." Nikamkata jicho. Nilinuna njia nzima, nilipika mboga yeye akala chapati, nilificha kopo la sukari akatuma mtu dukani. Ng'o! Mwanaume huyu ukimfungia mlango anapita dirishani. Na kilichonimaliza nguvu ni kwamba alikuwa anapungua. Tumbo liliingia ndani, akazitwaa suruali zake zote akazipunguza kiuno kwa cherehani yake mwenyewe, huku anaimba. Watu wakamwuliza siri. Mimi nani nibishane na suruali?

Asubuhi moja tulirudi kutoka shambani, akanawa, akapita kibarazani kwenda ndani. Nikachukua tambara nideki. Nyayo zake zilikuwa zimebaki kwenye saruji, na wa kulia ulikuwa maji tu, unakauka. Wa kushoto haukukauka. Ulikuwa na utelezi, rangi ya chai nyepesi, na sisimizi walikuwa wameshaupata, wanakuja kwa mstari kutoka ukutani. Niliinama nikanusa. Kisha nikamwita kwa sauti ambayo mwenyewe sikuijua.

Alikuja na kipande cha chapati mkononi. Nikamkalisha kitini, nikaunyanyua mguu ule nikauweka mapajani pangu. Katikati ya unyayo, karibu na vidole, palikuwa na shimo jeusi, na nyama pembeni yake ilikuwa imelegea, inanuka. Ndani kabisa niliona kichwa cha mwiba. Sijui ulikuwa umekaa mle tangu lini, na yeye anatembea juu yake kila siku, kwenda na kurudi. Nikachukua sindano yake ya kushonea nikaichoma motoni, nikaingiza. Nikachokonoa. Usaha ulikuwa unatoka, mwiba umekwama nami nauvuta, na nikainua macho nimwone anavyoumia.

Alikuwa anatazama nje, anatafuna. "Umeshaanza?" akaniuliza.

Nililia pale pale, na mguu wake mapajani. Yeye akashangaa. Aliinama akaangalia mwenyewe, na chapati ikamtoka mkononi.

Pale hospitalini kwetu hawakutukawiza, wakatupeleka Malindi. Daktari alikuwa mwanamke mdogo, mpole, lakini maneno hakuyazungusha. Mguu ule haukuwa umekomaa, alisema. Ulikuwa umekufa ganzi, sukari imeua mishipa yake ya fahamu kidogo kidogo. Hata kukonda kule hakukuwa afya, mwili ulikuwa unajila. Sasa kidonda kimeoza, na kama sukari haishuki upesi, watakata chini ya goti.

"Mimi ni fundi, daktari," mume wangu akasema. "Cherehani yangu ni ya kukanyaga."

"Lakini alitembea!" nikaropoka mimi. Nilikuwa na hasira, na sijui nilimkasirikia nani. "Kila asubuhi! Mimi ni shahidi, nilikuwa nyuma yake!"

"Na kulimsaidia, mama. Bila kutembea mngefika hapa mapema zaidi." Alimgeukia mgonjwa wake. "Lakini mtumbwi wako ulikuwa na tundu, mzee. Ulikuwa unayatoa maji kwa kata, na kwa mkono wa pili unalipanua tundu. Na siku nyingine ukitembea, tembea na viatu."

Tukakaa pale wodini tukingoja kujua kama mguu utabaki. Hakuruhusiwa kushusha unyayo chini. Walimchoma sindano zake kwa saa, wakamletea chakula chao: ugali mdogo, maharagwe, sukuma wiki, chai isiyo na sukari. Chai ile alipoionja mara ya kwanza alinitazama kama mtoto aliyedanganywa. Nilimwambia, "Kunywa." Akanywa. Asubuhi na jioni sista alikuja kumtoboa kidole, anasoma kile kipimo, anaandika, anaondoka. Mimi nilikaa chini kwenye leso yangu, nimeegemea kitanda, na kwa uchovu nilikuwa nasinzia nikiona ukungu, nikisikia nyayo, nikizinduka nikaona magurudumu ya kitanda.

Sukari ikaanza kushuka. Kwanza kidogo, nikadhani kipimo kimekosea. Kisha ikashuka tena. Asubuhi moja sista alipokisoma kipimo kwa sauti alikuwa anatabasamu, na daktari akaja akaukagua mguu kwa muda mrefu. Akasema mguu utabaki. Vidole viwili vitaondoka, lakini mguu utabaki, na cherehani ataikanyaga.

Nilimshukuru Mungu kwa sauti, wodi nzima ikageuka. Lakini daktari alipoondoka mume wangu alijifunika shuka mpaka kidevuni, akatazama dari, na machozi yakaanza kumtoka pembeni, yanaingia masikioni.

"Nimelala tu," akasema. "Umeona, mama watoto? Sijapiga hata hatua moja. Nimelala tu hapa, nimekula maharagwe, nimechomwa sindano, na imeshuka."

"Imeshuka, ndiyo. Mshukuru Mungu."

"Sasa zile asubuhi zote zilikuwa za nini?"

Ningeweza kumsema. Nilikuwa na maneno, tena mengi, nimeyabeba tangu siku ile ya kwanza ya sista. Niliinuka kutoka chini ili nimwambie vizuri, usoni. Nikamwona amekonda, mashavu yameingia, ananingoja nimjibu kama kweli najua, na hasira yote ikanitoka.

"Zilikuwa zangu," nikamwambia. "Zile zilikuwa zangu mimi. Na nazitaka tena."

Akauvuta kidogo mguu uliofungwa bendeji, akanipa nafasi nikae kitandani.